Kwa Sekela, Kuhusu Kimeo na Ugomvi wa Mezani

Sekela mwanangu,

Ni Jumapili, jua halijazama, na wageni waliokuja kukuaga wameondoka kabla hata ya chai. Mama yako anaosha vyombo kwa kishindo ambacho mimi na wewe tunaijua maana yake. Bibi yako amerudi kwake bila kuniaga. Wewe umejifungia chumbani. Mlango huo niliupachika mwenyewe na ninaweza kuufungua kwa kijiko, ila sitafanya hivyo. Ninaandika. Barua nitaipitisha chini ya mlango. Ukitaka isome leo, ukitaka isome kesho ukiwa ndani ya basi, ukitaka ifungie maandazi.

Sitakuambia habari za kufunga sanduku wala kushika pochi vizuri. Mama yako amekwisha kuyasema hayo mpaka umeyakariri. Mimi nina hasira, na nimeona ni heri uondoke unajua ni hasira gani, badala ya kukaa chuoni Dodoma unaikisia.

Nina hasira na mdogo wangu Gwakisa, baba yako mdogo, tangu mwezi wa saba hadi leo, na haijapungua hata kwa kusali. Nina hasira na bibi yako kwa kukutaka upige magoti. Nina hasira na wewe pia, kwa maneno uliyoniambia ukiwa umeshika kitasa: "Baba, hilo lilikuwa langu kusema. Sasa umelisema wewe." Nimetembea na maneno hayo mpaka mwisho wa shamba la kakao na kurudi, natafuta mahali yalipokosewa nipate kukujibu. Sijapaona. Hapo ndipo hasira ilipozidi.

Sasa nisikilize mimi nilivyoona mambo, kwa sababu mengine hukuwepo.

Ulipomaliza kidato cha sita, aliyekupeleka kwa Gwakisa ni mimi. Hakuna aliyenisukuma. Yeye ana steshenari pale Kyela mjini, ana kompyuta, ana mashine ya fotokopi, na vijana wote wa huku Bujonde wanapotaka kuomba vyuo wanakwenda kwake awajazie. Alikaa hapa hapa kwenye kiti hiki nilichokalia, akaniambia, "Mlete, kaka. Nitamfundisha kompyuta, na maombi yake ya chuo nitayatuma kwa mkono wangu mwenyewe. Si mtoto wangu huyu?" Nilifurahi kiasi cha kumchinjia jogoo. Nilisema moyoni kwamba kuwa na ndugu ndiko huku.

Kila nilipopita mjini kupeleka kakao nilikukuta umesimama kwenye mashine ya fotokopi, au unafagia, au umebeba chupa ya chai. Nikakuuliza, "Unajifunza?" Ukajibu, "Ninajifunza, baba." Hukuniambia kwamba akitoka anafunga kompyuta kwa nenosiri usiiguse. Hukuniambia kwamba ulichojifunza ulijifunza ukiwa nyuma ya migongo ya wateja, unachungulia. Nilikuja kuyajua baadaye, na mpaka leo sielewi ulikuwa unamsitiri nani, yeye au mimi.

Halafu ikaja ile siku aliyonipigia simu. "Kaka, majina yametoka. La kwake halipo." Nilikaa chini kwenye majani ya migomba. Uliporudi nyumbani mwisho wa wiki hiyo nilikuambia ukubali. Nilisema labda alama hazikutosha, nikasema wapo wengi waliokosa na wanaishi. Wewe ulikuwa unatazama mikono yako. Ulikonda mpaka bibi yako akawa anakuletea uji wa ndizi asubuhi, anasimama mlangoni mpaka umalize. Ukarudi dukani kwake, ukafagia mwaka mzima ukijua kwamba hufai.

Nikifika hapo, Sekela, ninavunjika. Ningeweza kuusamehe mwaka uliopotea. Lakini kijana wa miaka yako kuamka kila siku akiamini hafai, na mtu anayejua ukweli yuko mbele yake anakunywa chai aliyomchemshia! Hiyo siwezi. Mchungaji anisamehe, siwezi.

Ulikuja Pasaka na mfuko wa rambo. Ndani kulikuwa na kompyuta ndogo, haizidi sana ukubwa wa kitabu cha nyimbo, kona ya kifuniko imepasuka na kitufe kimoja hakipo. Ulisema baba mdogo amekupa. Nikauliza amekupa au amekulipa. Ukacheka kidogo, ukasema, "Alikuwa anaitupa. Ameniambia, hicho ni kimeo, chukua ukachezee."

Na kweli ilikuwa kimeo. Tuliiwasha pale mezani, mama yako akaenda bombani kuchota maji akarudi, bado inazungusha kile kiduara. Ikifunguka, ukibonyeza kitu inaganda. Nikasema Gwakisa hakukosea, hii imekufa. Wewe ukasema haijafa. Ukanieleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza, kwamba kumbukumbu yake ni ndogo, na baba mdogo alipopiga Windows upya aliweka ile ya kompyuta kubwa mpya, ndiyo maana inahema. Ukasema kuna mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta unaitwa Linux, na uko wa aina nyingi, na mingine imetengenezwa kuwa myepesi kwa ajili ya mashine ndogo na za zamani kama hii.

"Unauzwaje?" nikakuuliza.

"Ni bure, baba."

"Nani siku hizi anatoa kitu bure?"

"Watu tu. Wanatengeneza, wanawaachia wengine watumie, na anayejua anaongezea chake."

Nilicheka. Nilidhani umeingia kwenye mambo ya matapeli wa kwenye simu.

Mara ya kwanza ulipoupakua mjini na kuujaribu hapa ulishindwa, na siku hiyo ninaikumbuka kuliko ninavyotaka. Mvua ilikuwa imezidi, maji ya mto yameingia bondeni na kuondoka na miche yetu ya mpunga. Nimerudi nyumbani nina matope mpaka kiunoni. Nikakukuta umeinamia mashine, kioo cheusi, mstari mmoja wa Kiingereza juu, basi. Nikauliza imesemaje. Ukasema, "Inasema nimechukua aina isiyo ya prosesa hii, ubongo wake. Hii ni ya zamani, inataka ile ya biti thelathini na mbili. Nimekosea mimi."

Nikakupigia kelele. Nilisema urudishe kimeo cha watu, nilisema mpunga hauoti kwenye kioo, nilisema mengine ambayo mama yako alitoka nje asiyasikie. Ulifuta kibodi kwa upindo wa kanga, ukakunja waya, ukaenda kukaa barazani na simu yako iliyopasuka kioo, unasoma. Mto ndio uliochukua miche yangu, na mimi nikamgombeza mtu pekee ndani ya nyumba aliyekuwa anatafuta njia. Hasira yangu ina tabia hiyo, mwanangu. Inamkuta aliye karibu. Kama umeirithi, na nadhani umeirithi, uijue mapema.

Siku iliyofuata ulikwenda tena mjini bila kuniomba ruhusa wala nauli. Ukarudi umelowa chapachapa, flashi umeifunga kwenye nailoni ndani ya kilemba. Kwa aibu nikasogeza kiti. Ukachomeka, ukawasha, ukawa unagongagonga kitufe cha juu haraka haraka kabla haijaamka, ili isome flashi iache diski. Na safari hii ikafunguka. Rangi tu, na saa kwenye kona, na vitu vichache vimepangwa chini. Nikasema, "Imekwisha?" Ukasema bado, hapo inaendeshwa na flashi tu, tunaijaribu kwanza bila kugusa kitu ndani. Ukaandika jina langu. Likatokea hapo hapo bila kusubiri! Mtandao wa hewani haikuuona, ukachomeka simu kwa waya, ukapata. Nilitaka kukuambia kitu kizuri, sikujua kinaanzaje.

Halafu ukafika mahali ukaacha, ukaweka mikono mapajani. Nikakuhimiza, "Bonyeza basi."

"Subiri, baba. Inauliza kama ifute diski yote. Nikibonyeza, kilichomo hakirudi."

Nikasema kuna nini cha maana kwenye kimeo. Wewe ukafungua diski, ukapita folda moja moja. Ukakuta picha za harusi ya watu ambao sisi hatuwajui, bibi harusi anakata keki, wazee wanacheza. Ukazihamishia kwenye flashi nyingine, ukasema labda ni za mteja aliyewahi kuileta na bado anazitafuta. Baadaye nilisikia ulimpata mwenyewe kule Ikolo, akalia. Mtu uliyeambiwa hufai, unahangaika na harusi ya watu. Ndipo ukabonyeza. Uliniambia pia umetenga kipande cha diski cha kuisaidia kumbukumbu ikijaa, na mimi nikaitikia kama ninaelewa.

Mstari ukawa unatembea. Umefika katikati, umeme ukakatika.

Betri ya kimeo ilikuwa imechoka kama mmiliki wake wa kwanza. Ukaangalia kona ya kioo, ukaniangalia mimi, uso wako umebadilika rangi. Ukasema ikizima sasa hivi itabaki haina mfumo wa zamani wala mpya, na tukifunika kifuniko inaweza kulala ikakatisha kazi. Nikauliza nani ana umeme. Tukasema kwa pamoja: Mama Bupe! Jirani yetu yule anayechajia watu simu kwa sola na inveta yake.

Sijui kama uliniona sura yangu wakati ule. Nilibeba kompyuta wazi juu ya viganja viwili kama sinia la harusi, miguu peku, matope yanateleza, na wewe pembeni umenyoosha mwavuli juu yake, mvua yote inatunyeshea sisi. Tulipita kwenye tuta la majaruba ya mpunga na vyura wakiruka pande zote. Ulikuwa unasoma kioo na kunitangazia, "Bado inakwenda, baba. Usikimbie. Bado. Usiinamishe!" Mama Bupe akasimama kibarazani, akaanza kwa adabu zake zote, "Ugonile, baba Sekela, mnabeba nini tena..." Nikapaza sauti, "Chomeka, mama! Salamu baadaye!" Mama wa watu akang'oa simu za wateja wote ukutani. Kioo kilikuwa kimeshaonya kwa rangi nyekundu.

Ikamaliza. Ikaomba utoe flashi, ikazima, ikaamka yenyewe. Haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi. Mama Bupe akachungulia, akasema, "Ndiyo hiyo tu?" Mimi nikapiga vigelegele, mwanamume mzima, na sikujali nani anasikia.

Hiyo ilikuwa siku nzuri. Nimeiandika ili usidhani ninakumbuka mabaya tu.

Mwezi wa saba dirisha la maombi likafunguliwa tena. Ulikaa pale pale mezani, kompyuta inafungua kurasa za chuo vizuri ilimradi usifungue nyingi kwa pamoja. Ulisema utaingia kwenye akaunti yako ya mwaka jana ili usijaze upya. Ukaingiza namba yako ya mtihani. Ikajibu kwamba namba hiyo haijasajiliwa. Ukarudia. Ukadhani umekosea tarakimu, ukaniomba nikusomee cheti kwa sauti. Nikasoma. Ikajibu vilevile. Ukapiga simu chuoni, ukaweka sauti kubwa, dada aliyepokea akatafuta, akasema kwa upole, "Mdogo wangu, mwaka jana hatukupokea kitu chochote chenye namba hiyo."

Ukakata simu. Kisha ukasema, "Baba, hawakunikataa. Hawakuwahi kunisikia."

Ulijaza maombi yako mwenyewe, ukasoma kila kipengele, ukatuma, ukasubiri mpaka ukaona yamepokelewa. Ukafunika kompyuta. Ndipo ukaniambia, "La baba mdogo niachie mimi. Nitajua nitakavyomwambia." Nikakubali. Hiyo ilikuwa ahadi, na ninajua ilikuwa ahadi.

Kesho yake nikasema ninakwenda mjini kutafuta magunia. Sikwenda kutafuta magunia.

Nilimkuta dukani kwake, foleni ya vijana wenye bahasha mikononi inafika mpaka nje. Nikamwambia nataka kuzungumza naye. Akanipeleka nyuma, kwenye mlango wa stoo. Nikamuuliza swali moja: ulituma au hukutuma? Kwanza akasema mtandao ulikuwa unasumbua. Halafu akasema alisahau. Halafu alipoona siondoki, akasema lile la kweli.

"Kaka, Sekela ndiye aliyekuwa anaendesha hili duka. Wateja wanamuulizia yeye. Nikasema akae mwaka mmoja tu, akomae, mwaka unaofuata nitamtuma. Mwaka mmoja ni nini?"

"Kwa nini ulisema jina lake halipo?"

"Si kweli halikuwepo?"

Alinijibu hivyo, Sekela. Ndugu yangu niliyelala naye kitanda kimoja. Nilimshika kola ya shati. Sikumpiga. Nilimwachia kwa sababu niliogopa mikono yangu itakachofanya. Nikatoka mbele, nikasimama kwenye ile foleni, nikawaambia vijana: "Asitoke mtu hapa kabla hajaona kwa macho yake kwamba ombi lake limepokelewa. Mwambieni ageuze kioo mkione." Wakanitazama kama mlevi. Lakini nilipokuwa ninaondoka nilimsikia msichana mmoja anasema, "Baba, naomba ugeuze kioo."

Gwakisa akanifuata mpaka kwenye pikipiki. Akaanza kulia. Akaniomba nisimwambie mama. Alisema mama ana presha, akisikia ataanguka, na atakayekuwa amemuua ni mimi. Nikamwahidi. Mtu mwenye akili angeona kwamba anafungwa kamba. Mimi niliona machozi.

Basi nikawa na ahadi mbili, yako na yake, na zote mbili zilisema ninyamaze. Nilinyamaza miezi hii yote. Kunyamaza kwangu ndiko kulikompa nguvu ya kuja leo na shati jeupe.

Ya leo unayajua, ila sikia nilivyoyaona kutoka upande wangu wa meza. Mama yako amepika wali na samaki aina ya mbasa mpaka harufu imefika barabarani. Watu wamependeza. Gwakisa akasimama kabla mchungaji hajamaliza hata samaki wake, akagonga glasi, akasema, "Huyu mtoto mnayemwona, macho ya kompyuta nilimfungua mimi. Kompyuta ya kwanza maishani mwake nilimpa mimi." Watu wakapiga makofi. Bibi yako anafuta machozi ya furaha. Akatoa boksi chini ya meza, laptop mpya kubwa, akasema, "Sasa kile kimeo kiache hapa, usiende kutuaibisha chuoni."

Nilikuangalia. Ulisimama wima. Ukashukuru kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndaga, baba mdogo. Ninayo yangu." Na ukakaa.

Niliona uso wake. Alielewa. Maneno machache, na alielewa kwamba unajua, na kwamba umejua siku zote, na kwamba hutachukua kitu chake. Watu wengine wote walisikia mtoto anayekataa zawadi. Yeye peke yake alisikia hukumu. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yako. Sasa ninaiona. Pale mezani sikuiona, kwa sababu bibi yako alikwisha kupaza sauti: "Sekela! Piga magoti umwombe radhi baba yako!" Nawe ukaanza kusogeza kiti. Sikujua kama unataka kupiga magoti au kutoka nje. Sikusubiri kujua.

Nikasimama. "Hapigi magoti!" Nikayasema yote, ya maombi, ya stoo, ya mwaka mzima, mate yananitoka, mbele ya mchungaji na mbele ya sahani za watu. Gwakisa akasema, "Kaka, uliniahidi." Nikamjibu neno ambalo sitaliandika. Bibi yako akashika kifua, mama yako akakimbilia maji, watu wakaanza kutafuta viatu. Hakuanguka. Presha yake ilivumilia kuliko tulivyotishwa. Lakini wewe hukuwa unamtazama bibi wala Gwakisa. Ulikuwa unanitazama mimi, na hukuwa unashukuru.

Gwakisa alikaa na maombi yako akasema kwa niaba yako kwamba umekosa. Mimi nikakaa na uchungu wako nikasema kwa niaba yako kwamba umeonewa. Nilikuwa ninakutetea, na ukweli ulikuwa upande wangu, na bado nilikunyang'anya. Inaniudhi kuandika sentensi hiyo. Nimeiandika.

Hasira yangu kwa Gwakisa siiombei msamaha, na sitaki uniambie niipunguze. Ninachokiombea msamaha ni kinywa changu. Hivyo ni vitu viwili na leo ndiyo kwanza ninavitenganisha, mtu mzima mwenye mvi. Ile siku ulipoweka mikono mapajani mbele ya kompyuta, ukasoma swali kabla ya kubonyeza, mimi nilikuwa ninakuhimiza ubonyeze. Nimeishi hivyo, kubonyeza kwanza. Huko unakokwenda watakuwepo watu wa kukuambia hufai huku wakijua unafaa, na watakuwepo wanaokupenda watakaokusemea mpaka usisikike. Wa kwanza utawajua haraka. Hawa wa pili wanafanana na mimi, kwa hiyo utachelewa. Waambie wakae chini. Ukiniambia na mimi, nitakasirika, halafu nitakaa.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini bibi yako amerudi. Amekuja na fimbo yake, amesimama uani, hakunisalimu. Ameuliza, "Ni kweli Gwakisa hakutuma?"

Nikasema, "Ni kweli, mama."

Akageuka kutazama kakao iliyoanikwa. Kisha akasema, "Wewe sijakusamehe kwa kuyasema wakati watu wanakula." Nikasema sawa. "Na yeye nimempigia simu. Nimemwambia alfajiri aje hapa kwa miguu, na sanduku la mtoto alibebe yeye mpaka stendi. Kichwani. Watu wamwone." Kisha akaniacha, na sasa ndiyo nimemsikia anaongea na mama yako jikoni.

Nilitaka kumfuata nimwambie hapana, Gwakisa asiguse kitu chako. Nimefika mlangoni nikarudi kukaa.

Sanduku ni lako, Sekela. Akija alfajiri akainama kulishika, wewe ndiye utakayesema abebe au aache. Mimi nitasimama pembeni. Vyovyote utakavyosema, hutasikia neno kutoka kwangu, hata kama itanibidi nijiume ulimi.

Baba yako,
Bujonde